Sanduku la Mama wa Kambo

Jana tulikuwa tunapanga vitu pale nyumbani Temeke, nikaliona lile sanduku la bati, bado linanukia udi.

Zamani mama wa kambo alikuwa akilifunga kwa kufuli, nami nikaamini ameficha sukari wakati watu wanaipangia foleni. Mchana mmoja nikamshtaki kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi akaja. “Mama, binti yako kasema humu mna sukari. Hebu fungua.”

Akafungua. Mlikuwa na magauni ya marehemu mama yangu tu.

“Namtunzia. Akikua atavaa.”

Hakunigombeza. Jioni akanitilia kwenye chai sukari yote iliyobaki. Mie nikaimwaga uani, nikidhani ameniwekea sumu.