Waliponihesabia Kwamba Sitazaa

Ile siku haijanitoka machoni, mwanangu. Nilirudi kutoka soko la Bunia nikisukumwa kwenye kiti changu cha magurudumu, nikakuta godoro letu limetupwa uani, mvua inalinyeshea. Mke wangu Furaha amesimama mlangoni, mikono juu ya tumbo, na mama yangu anapiga kelele.

"Mutoto yangu iko mulemavu! Hii mimba iko ya nani?"



Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya lori la mihogo, njia ya Irumu. Uti wa mgongo ulivunjika karibu na mabega, miguu ikafa. Ukoo ukaamua kwamba na uzazi umekufa. Hakuna aliyeuliza, hata mimi. Mpaka daktari mmoja, akinisafisha kidonda cha kukaa sana, Furaha akiwa kando yangu, akasema, "Munataka mutoto?"

Nilidhani ananicheka.

"Mbegu ingali inatengenezwa mu mwili," akasema. "Njia ya kutoka ndiyo iliharibika."

Alitufundisha kutumia kifaa kidogo kinachotetemesha uume hadi mbegu itoke. Mara ya kwanza tulifanyia hospitalini, maana kwa aliyeumia juu hivyo presha inaweza kupanda vibaya. Baadaye, nyumbani, Furaha alivuta mbegu kwa bomba la sindano lisilo na ncha, akajiwekea mwenyewe ukeni. Miezi mingi ilipita bure. Aliposhika mimba, haya ilitufunga midomo.

Pale uani haya iliniishia. "Mama, hii mimba iko yangu," nikasema, nikaeleza yote mbele ya baba mkubwa, kaka zangu na majirani waliovutwa na kelele. Mama alikaa chini kwenye matope.

"Weye ulizika mutoto yako angali muzima," baba mkubwa akamwambia.

Mama akanigeukia. "Sasa ule mutoto... atakuwa na miguu?"

"Atatembea, mama."

Akainuka, akaliingiza godoro ndani kwa mikono yake. Binti yetu Neema alipozaliwa, yeye ndiye aliyemshika wa kwanza.

Mwanangu, ajali ikikuvunja, usiache watu wakuhesabie kilichobaki. Nenda na mke wako kwa daktari, uliza hata lile swali linalokuchoma uso. Kifaa kile hakiwafai wote. Ziko njia nyingine, na wapo wasiopata kabisa. Lakini uliza kwanza, ndipo ulie. Na ukishajua, waambie wa nyumbani kabla hawajamtupa mtu nje.

Mungu akulindie mgongo. Na ukivunjika, akupe wa kukaa kando yako.