Jina la Shamba

Lorene Brockmeyer alikuwa na miaka sabini na tisa, na kwa ishirini na sita kati ya hiyo alimsaka mtu mmoja: baba wa Heinrich, yule Heinrich wa kwanza wa ukoo wao aliyeshuka melini mwaka 1846 akaja kulima magharibi mwa Ohio. Kitabu cha ukoo kilikuwa tayari, isipokuwa ukurasa wa kwanza. Lorene hakuwa na mume wala mtoto. Jina lingezikwa naye, na alitaka angalau kujua lilikozaliwa.

Katika vitabu vya kanisa vya kijiji cha Ujerumani walikotoka, akina Brockmeyer walijaa tele, ila ubatizo wa Heinrich haumo. Palikuwa na mstari mmoja tu wa ndoa: "Heinrich Stuckenberg gt. Brockmeyer." Lorene, aliyejifundisha mwenyewe hati za kale, alisoma gt. kuwa "amebatizwa", akaona mchungaji kachanganya mambo, akaupita. Kuuliza si ujinga, lakini hakuuliza.

Machi, mtunza kumbukumbu wa kule, Bwana Tegeler, aliyekuwa amesoma rasimu ya kitabu chake, alimpigia simu kuhusu mstari ule.

"Mama, hiyo gt. ni 'aitwaye'. Zamani huku jina lilikuwa la shamba. Mwanamume akioa binti mrithi, anahamia kwake na kuitwa kwa jina la pale."

"Yaani jina ni la mke?"

"La mke, mama. Heinrich wako alizaliwa Stuckenberg."

Lorene alishukuru, akakata simu, akakaa kitako jikoni. Furaha aliyoingoja miaka yote hiyo haikuja. Alichokumbuka ni mwaka 1968, kaka yake ameshakufa vitani, na Elmer Fledderjohann kaja kumposa. Baba yake alisema shamba halitoki mikononi mwa akina Brockmeyer. Elmer, kijana wa watu, akasema basi atalichukua yeye jina hilo. Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Tangu lini dume likaitwa kwa jina la mke? Katika ukoo huu hajazaliwa bwege wa namna hiyo!"

Lorene naye aliona haya, akamwacha Elmer aende zake.

Sasa Elmer alikuwa mjane, anaishi katika nyumba ya wazee mjini. Lorene alikwenda, akamkuta mezani, anachanganya karata.

"Elmer, Heinrich alichukua jina la mkewe."

"Heinrich yupi tena?"

"Wa kwanza. Aliyetuleta huku."

Elmer akacheka, bila kushika kitu. "Kumbe mimi bwege wa pili! Masikini mzee wako, angejua."

"Hakujua. Angejua asingekucheka."

"Ah, yeye nilimsamehe zamani." Akazikata karata mara mbili. "Lakini wewe ulikuwa umesimama palepale, Lorene. Ungeweza kusema neno."

Lorene alivuta kiti, akaketi.

"Ningeweza," akasema.

Elmer akamgawia karata.