Uzi Mwekundu wa Magunia ya Kwa Vonza

Habari za kifo chake zilinikuta Makindu wiki iliyopita, niliposhuka kununua vitunguu karibu na stesheni. Mwuza vitunguu ni mtu aliyemjua, kwa maana kwa miaka mingi alikuwa akinunua magunia kwake. Alinitazama kidogo, akaniuliza kama nimesikia. Sikuwa nimesikia. "Yule mama wa magunia wa Kwa Vonza ametuacha," akasema. "Alilala tu, hakuamka." Kisha akaendelea kunipimia vitunguu, maana soko halifungwi kwa kilio cha mtu mmoja, lakini niliona ameniongezea kiasi bila kuombwa, nikajua naye ameguswa. Wasomaji wa safu hii wanafahamu kwamba siandiki juu ya kila anayefariki. Ningefanya hivyo ukurasa huu ungejaa makaburi. Huyu namwandikia kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu kuna jambo moja alilojifunza kwa uchungu mkubwa ambalo naona wengi wetu bado hatujajifunza.

Kabla sijaanza kula kwa kalamu, niliuza nafaka Kwa Vonza, huko katika miaka ya sabini, na kibanda chake kilipakana na changu. Yeye hakuuza nafaka. Alinunua magunia yaliyokwisha kutumika, akayakung'uta, akayaanika, akayaziba matundu kwa shazia, ile sindano kubwa, na kamba ya katani, kisha akayauza tena. Alikuwa mjane, mfupi, mwimbaji wa kanisani mwenye sauti nzito kuliko ya wanaume wengi, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wageni: kabla ya kulinunua gunia aliingiza kichwa chake chote ndani yake. Huko ndani alinusa, akageuka kuelekea jua ili mwanga umwonyeshe matundu, akanusa tena, ndipo akatoka na vumbi kwenye kope. Muuzaji akijitetea kwamba gunia ni safi, jibu lake lilikuwa lile lile. "Usiniambie ni safi. Niambie ilibeba nini."

Nilikuwa nikimtania kwamba anayapeleleza magunia kama mama mkwe anavyompeleleza mchumba wa mwanawe. Hakukasirika. Alisema kila gunia lina maisha yake ya zamani, na anayetaka kuishi nalo hana budi kuyajua. Gunia lililobeba chumvi halikosi unyevu, na ndengu zikikaa humo zitaoza hata kama ulizianika vizuri. Lililobeba sukari huwaita sisimizi. La katani linapumua, basi ndilo la kuwekea mbaazi na kunde kwa muda mrefu. Yalipoanza kuja ya nailoni, mepesi na yenye kung'aa, wafanyabiashara waliyakimbilia, naye akayapokea kwa masharti: weka humo kile kilichokauka mpaka kinalia ukikimwaga, la sivyo utafungua ukute ukungu. Mambo hayo aliyasema bila makuu, huku akishona, na mara nyingi mteja alikuwa ameshaondoka kabla hajamaliza.

Hata uzeeni hakuacha. Miaka michache iliyopita nilikutana naye huko huko Makindu, amekuja kumtembelea bintiye, wakati yalipoletwa yale magunia makubwa kupindukia, ya nailoni nene, yenye masikio manne ya kuinuliwa kwa kreni, moja likiweza kumeza mzigo wa mkokoteni mzima. Mtu mmoja alikuwa akiyauza yaliyotumika, watu wakiyazunguka kwa mshangao. Mama akaligusa moja, akalipinda mshono, akatafuta pa kuingiza kichwa, na kwa kuwa mdomo ulikuwa mpana mno, akainama akaingia mzima, na nguo zake za kanisani. Tukasikia sauti ikitoka ndani. "Hii ilibeba chokaa. Na sikio moja imekatika uzi." Halafu: "Sasa nitoeni. Mtacheka baadaye." Wapagazi wawili walimvuta nje akiwa mweupe kichwa hadi viatu, na mwenye magunia akacheka mpaka akaketi chini. Hivyo ndivyo nilivyotaka kumkumbuka, na ingekuwa hadithi ya kutosha kama nisingekuwepo mwaka ule wa ukame.

Sasa nije huko. Katika rundo lake kulikuwa na magunia ambayo hakuyauza kwa mtu wa chakula hata ambembeleze vipi: yale yaliyobeba dawa ya unga ya kunyunyizia pamba. Harufu yake hufifia kwa pua isiyoizoea, lakini yenyewe haiishi. Unaweza kulifua gunia mara nyingi, ukalianika mwezi, na sumu ikabaki katikati ya nyuzi ikisubiri. Hayo aliyauza kwa wabebaji wa samadi na mchanga, na ili yasichanganyike, kila moja alilitia uzi mwekundu mdomoni, mishono mizuri iliyolingana, kwa maana hakujua kushona vibaya. Mimi nilijua maana ya uzi ule kwa kuwa nilikaa naye kila siku. Nadhani nilikuwa mmoja wa watu watatu au wanne waliojua.

Mwaka ule mvua ilitupita wote, lakini iliwapita watu wa Nuu zaidi. Sisi tulikuwa na akiba kidogo, na wanawake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi za shamba, wakaamua kuchanga ndengu na mahindi wawapelekee. Mama akasema magunia atatoa yeye, bure. Siku ya kupakia alikuwa Kitui kwa mgonjwa, akawa ameacha neno kwamba wajichagulie kibandani. Mimi nilikuwa mnadani. Wanawake walifika, wakaona rundo la magunia ya kawaida yenye viraka, na kando yake mengine yaliyotiwa uzi mwekundu. Na hapa ni lazima mtu awajue wanawake wa upande wetu. Wao ni wasusi wa vyondo, vile vikapu vyetu vya katani, na chondo cha kupeleka ukweni, kile ambacho mtu hataki kuaibika nacho, hupitishiwa uzi mwekundu mdomoni. Kwao uzi mwekundu ulisema wazi: hiki ni cha heshima, mpe mgeni. Wakaona haya kuwapelekea wenye njaa chakula katika viraka. Wakachagua mazuri.

Lori la kanisa lililobeba chakula lilikuwa limekwisha kuondoka aliporudi asubuhi ya pili. Nilimwona akisimama mbele ya rundo, mkono kinywani. Alimwuliza jirani yetu mmoja wa mwethya kwa sauti ya chini, "Zile za uzi nyekundu ziko wapi?" na yule dada akamjibu kwa furaha, "Mwaitu, tulichukua hizo. Hatukutaka kukuaibisha." Mwaitu ni mama yangu, ndivyo sote tulivyomwita. Akanigeukia akasema, "Funga kibanda, mwanangu. Twende."

Tulipata lori la soda mpaka Mwingi, na kutoka hapo gari la mfanyabiashara wa ng'ombe, na njia nzima hakunena ila kuuliza kama dereva hawezi kwenda mbio zaidi. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni saa ambazo sufuria imekuwa motoni. Tulipofika Nuu magunia yalikuwa yamepangwa kando ya kanisa, mawili yamefunguliwa, na moto umewashwa. Lakini sufuria zilikuwa tupu. Wanawake walikuwa wameenda kuchimba maji katika mchanga wa mto, mbali, na hawakuwa wamerudi. Ukame ule ule uliowanyima chakula ndio uliowaokoa siku hiyo. Sijui mtu aushukuru ukame kwa maneno gani, lakini mimi niliushukuru.

Alikwenda moja kwa moja akaketi juu ya magunia. Akawaambia watu wote waliokuwepo kwamba chakula hiki kimeguswa na dawa ya pamba, kwamba magunia ni yake na kosa ni lake, na kwamba hakuna atakayekipika. Hakuwataja wanawake wa mwethya hata kidogo. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alimsogelea. Alikuwa ametulia, na utulivu ule ulitisha kuliko matusi.

"Mwaitu, mtoto yangu amelala njaa. Njaa pia ni dawa ya kuua. Tutaosha hiyo ndengu."

"Haioshwi, mwanangu."

"Wewe umekula jana?"

"Nimekula."

"Basi toka hapo."

Hakutoka. Machozi yalimtiririka, lakini hakutoka. Alinituma nirudi Kwa Vonza nikawaambie wanawake wachange tena, na kile kilichomo kibandani kwangu kiwe cha kwanza. Niliporudi na lori nilimkuta angali pale, na yule mama kijana ameketi kando yake, amemtandia khanga kichwani kumkinga na jua. Baadaye niliambiwa kwamba hakukubali kutiwa chochote kinywani muda wote ule. Alisema hawezi kula mbele ya watu aliowazuia kula. Chakula kipya kilipikwa, watoto wakashiba, ndipo tukachimba shimo tukafukia kile cha kwanza. Watu wenye njaa wakizika ndengu. Nimehudhuria mazishi mengi tangu hapo, sijaona yaliyokuwa na kimya kama kile.

Tulipokuwa tukirudi ndipo aliposema neno ambalo limekaa nami. Nilikuwa nikimfariji, nikisema uzi ulikuwepo, alama ilikuwepo, wao ndio hawakuielewa. Akanikatiza. "Nilifikiri naambia watu. Kumbe nilikuwa najiambia mimi mwenyewe." Alipofika kibandani aliyachukua magunia yote ya uzi mwekundu yaliyobaki, akayakata pembe mbili za chini kwa kisu. Gunia lisilo na pembe halibebi ndengu, halibebi mahindi, halihitaji maelezo. Halibebi hata mchanga, basi akaipoteza biashara ile kabisa, na yaliyokatwa tuliyatumia kuzibia mifereji ya mmomonyoko mashambani. Na watu wa Nuu, mpaka leo, wengi wao hawajui ni nani aliyeyachagua magunia, kwa kuwa hakukubali lisemwe.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili katika miaka hii ambapo kila kitu kinakuja na alama. Mitungi ya dawa inakuja na fuvu la kichwa, makopo yanakuja na maandishi madogo kama mayai ya chawa, na aliyeyaandika anakunja mikono akisema amekwisha kutuonya. Ametuonya kwa lugha ya nani? Mama yule angeweza kukaa na haki yake. Uzi ulikuwepo, kweli. Lakini aliona kwamba onyo asilolielewa anayeonywa ni pambo tu, na kwamba aliyeliweka hana ruhusa ya kulala usingizi kwa sababu ya pambo.

Tulimzika Ijumaa. Kutoka Nuu alikuja mwanamke mmoja, sasa mtu mzima, na mwanamume mrefu aliyembebea gunia begani. Sikuhitaji kuambiwa mwanamume yule ndiye aliyekuwa mgongoni siku ile. Gunia lilikuwa la katani, jipya, limejaa ndengu za kupikia waombolezaji, bila uzi wa rangi yoyote. Wapishi walipotaka kulimwaga, mwanamke yule aliwazuia. Alilifungua mwenyewe, akaingiza kichwa chote ndani, akakaa humo kitambo, na alipotoka uso ulikuwa umelowa. "Hii haijabeba kitu ingine," akasema. "Nusa na wewe." Mpishi akanusa, na aliyefuata akanusa, nami nikanusa.

Nyumbani kwangu kuna chupa ya soda yenye mafuta ya taa, imesimama jikoni na kitambaa cheusi kimefungwa shingoni. Mimi ndiye niliyekifunga na mimi ndiye ninayejua maana yake, na wajukuu wanakuja Jumapili. Nikiweka kalamu chini, nitaanza na chupa hiyo.