Kifuu Kilichobaki Mdomoni mwa Pango

Simai Ame wa Kikwajuni alibakiwa na jiwe moja tu. Mwaka huo wa 1971, chuo chake cha Ujerumani Mashariki kilimtaka mambo manne ili apate shahada ya pili ya elimu ya miamba: afaulu mitihani, achore ramani ya miamba ya kwao, aandike tasnifu, na alete mawe ishirini aliyoyavunja kwa mkono wake, yabaki chuoni daima. Mitihani kafaulu, ramani kachora, tasnifu iko ukingoni. Mawe kumi na tisa yamo sandukuni. La ishirini limo ndani ya pango, huko upande wa Makunduchi.

Pango hilo, jamani, lina mwenyewe: Bi Mwanapili, mvyale wa pale, mtunzaji wa mizimu ya wazee wake. Simai alimkuta mdomoni mwa pango anasuka ukili.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Weka kifuu hapa kabla hujaingia. Ukitoka, kichukue. Kifuu kikibaki, mtu hajatoka."

"Na nikinenepa humo nikashindwa kupita?"

"Kwa miguu hiyo ya korongo? Utapita!"

Akacheka, akaweka kifuu cha nazi, akashuka na tochi yake. Chini palikuwa na maji meusi, hayatikisiki. Akagonga mwamba mara tatu. Ng'ambo ya maji, gizani, kukagongwa mara tatu. Mwangwi huo, akajisemea. Msomi ana jina la kila kitu. Akagonga mara mbili, jiwe likabanduka. Ng'ambo kukagongwa mara mbili. Kisha, naye kashusha nyundo, kimya, kukagongwa tena mara moja.

Alitoka mbio, jiwe kalikumbatia, akampita Bi Mwanapili anamwita. Kifuu hakukikumbuka. Wiki ileile akasafiri.

Huko Ulaya alipofungua sanduku, mawe kumi na tisa yalikuwa makavu. La ishirini lilikuwa likitiririka maji ya chumvi. Akalifuta, akalianika juu ya jiko la makaa. Kesho yake limelowa tena. Zikiwa zimebaki siku nne asimame mbele ya walimu kuitetea tasnifu yake, ikafika barua ya Bi Mwanapili, kaandikiwa na mjukuu wake Mize:

"Mwanangu Simai, kifuu chako kipo palepale. Kila adhuhuri tunasikia nyundo pangoni. Kama wewe uko huko, anayegonga ni nani?"

Simai akalitoa lile jiwe sandukuni.

"Kumi na tisa hayatoshi," mwalimu wake akamwambia. "Miaka mitatu yote hii, uitupe kwa jiwe?"

"Si langu, mwalimu."

Akarudi Unguja mikono mitupu, ila jiwe. Alifika pangoni adhuhuri, na kweli, ndani kulikuwa kukigongwa: ko, ko, ko. Akatafuta kifuu cha kuweka.

"Cha nini kingine?" Bi Mwanapili akamzuia. "Chako hicho hapo. Hujatoka bado wewe."

Akashuka. Akalirudisha jiwe kwenye lile jeraha lake mwambani, likashika barabara, kama halijapata kutoka. Nyundo ikanyamaza. Simai akapanda taratibu, akainama, akachukua kifuu.

Bi Mwanapili akamtazama usoni muda mrefu, kama mtu anayehakikisha.

"Haya. Sasa nnakuona."

Simai akawa mwalimu wa jiografia mjini. Shahada ile hakuipata. Ukutani kwake, pale ambapo wenziwe wametundika zao, kuna kibao chenye kifuu kikavu kwa nje. Wanafunzi wakitia kidole ndani hukitoa kimelowa.

"Nini hii, mwalimu?"

Yeye mwenye jina la kila kitu huwaambia wafungue madaftari.