Kitenge cha Mjomba Kwenye Rangi Mia Mbili Hamsini na Sita

Haya sikusimuliwa. Nilikuwepo steshenari ya Chuno, wa pili kwenye foleni, na macho yangu yanasifika mpaka Madimba.

Mama mmoja wa Msimbati aliweka memori kadi juu ya kaunta kwa vidole viwili, kama anaweka yai. Kaka yake aliyeko Dar kasusa, kaambiwa bibi harusi, binti wa huyu mama, hakuvaa kitenge alichomtumia. Na kwetu mjomba akisusa, harusi bado haijaisha. Picha zipo, ila zimetoka kwenye kamera zikiwa ghafi, hazifunguki kwenye simu.

Binti wa kaunta akaingia mtandaoni kuzigeuza. "Simu ya mjomba ni ndogo, mama, nakuwekea aina nyepesi. Inabeba rangi mia mbili hamsini na sita tu."

"Tu? Mwanangu kavaa rangi nne!"

Picha ikatokea. Kitenge kimekaa safi, kila ua mahali pake. Uso wa bibi harusi, wenye vivuli vingi kuliko hizo rangi, umetoka mabaka mabaka kama ukuta uliovujiwa.

"Nirudie, mama?"

"Tuma hivyo hivyo! Uso anaujua, anachodai ni kitenge."

Mjomba akapiga papo hapo, mama akaweka spika. "Kitenge ndicho. Ila huyo aliyekivaa ni nani?"

Swali hilo nimelitunga mimi, mnisamehe. Ukweli ni kwamba mjomba alisema, "Kitenge ndicho," akakohoa kirefu kuliko mtu mwenye kikohozi, kisha akasema, "Nipe namba ya mwanangu, nimpigie."