Uloto wa Petro Ulipochelewa Kushika

Siku ile nakumbuka tulikuwa watatu sebuleni kwangu, Kanyenye: mimi, mjukuu wangu Petro, mwendesha bodaboda, na wifi yangu Agnesi, aliyetoka Kwihara kuja kutupa pole. Binti yangu Veronika, mama yake Petro, alikuwa hospitali, mbali, akimuuguza Salome, mdogo wake Petro. Salome ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu uchanga, na Petro ndiye aliyemtolea uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaozaa damu, kisha akarudi nyumbani.

Daktari alishatueleza: uloto hupitishwa mshipani, wenyewe ukatafuta njia hadi mifupani, ndipo ushike. Basi siku zinapita, Veronika akipiga simu jibu ni lile lile: bado.

Agnesi akamgeukia Petro. "Mjukuu wangu, si mligombana wewe na Salome kabla ya safari ya hospitali? Kinachotolewa kwa kinyongo hakikai."

Petro akasukuma sahani. Mwanangu, kijana yule alishakonda kuliko mgonjwa.

Nikamkumbuka baba yangu, Mzee Kasele, mrina asali. Nikiwa msichana, mzinga aliotundika kaka yangu Yohana ulikaa mtupu, tukamcheka kwamba ana mkono mbaya. Baba akatukemea: "Nyuki haulizi nani kautundika. Anaangalia ndani." Akaushusha, akaufukiza, akaupaka nta, akaurudisha mtini, na akatukataza kuuchungulia. Nyuki wakaja kwa wakati wao.

Nikasema, "Wifi, mifupa ya Salome imesafishwa kwa dawa kali ili mgeni apate pa kukaa. Kinyongo hakimo humo."

"Nilisema tu, wifi."

"Basi mwongeze mtoto mboga."

Mara simu ikaita. Salome mwenyewe, sauti nyembamba: "Kaka, damu yako mvivu kama wewe. Imefika, imelala kwanza."

Petro akacheka huku machozi yanamtoka, akaivuta sahani.

Juma lililofuata Veronika akatuambia chembe mpya za damu zimeanza kuonekana. Safari ya kupona bado ndefu, daktari kasema, lakini uloto umeshika.

Mwanangu, mtu akishakupa cha ndani ya mfupa wake, usimdai na matokeo. Subira yavuta heri, ila haikai nyumba moja na lawama. Mtoaji naye muulize amelalaje, amekula nini. Mungu akujalie ndugu wa kukutolea, na ulimi usiomjeruhi.

Nami ni mzee, naweza kuchanganya. Kama maneno yale ya kinyongo hakuyasema Agnesi, nisahihisheni. Nitafurahi kuwa nimekosea.