Ndugu wa Bweni la Juu

Baba mdogo alisoma chuo kikuu. Baba yangu hakusoma, nami nikafuata njia ya baba, nikaishia darasa la saba. Kwa hiyo mambo ya ule undugu wa chuoni niliyajua kwa kusikia tu, katika nyumba niliyoishi naye Malvern, huku Toronto, alipokuwa akivaa sare kabla ya kwenda kulinda ofisi za watu kule Don Mills.

Alinieleza kwamba ulianza na vijana wachache wa bweni la juu, waliochangiana sukari, na mishumaa umeme ulipokatika. Baadaye wakaanza kupeana mitihani ya zamani, kisha kura za chama cha wanafunzi, kisha kazi. Wa kwanza kuingia wizarani alimvuta mwenzake, na huyo akamvuta mwingine. Kufikia miaka ninayoikumbuka, walikuwa wamejaa serikalini, na upinzani nao ulikuwa mikononi mwao.

"Nchi ile ni bweni letu," alikuwa akisema huku akifunga kamba za viatu, na ungemsikia ungedhani naye ana chumba humo.

Walikuwa na desturi moja aliyoipenda kuliko zote. Ndugu mwenye shida haombi. Anaingia kikaoni amevaa koti, na havui, hata joto liwe la kuumiza. Mkubwa wao akimwona, lazima amuulize, "Baridi hiyo umeitoa wapi?" Akishaulizwa anaeleza, na hakuna anayeruhusiwa kumnyima msaada.

Mwaka ule, baada ya uchaguzi nyumbani, baba alikamatwa. Alikuwa fundi wa pikipiki. Alitoka na wenzake barabarani kudai kura za mgombea wao zihesabiwe upya, akachukuliwa, na hakufikishwa mahakamani. Mama akienda kituoni anaambiwa hayupo; kesho yake anaambiwa yupo, ila haonwi.

Halafu tukasikia kwamba waziri mmoja wa undugu ule anapita Toronto, na wenzake watakutana kwa daktari wa meno mmoja, naye mtu wa bweni, huko Richmond Hill. Baba mdogo akaomba ruhusa kazini.

"Utakwenda nami," akaniambia. "Una uso wa baba yako. Wakuone."

Ilikuwa Januari. Binti wa daktari alisimama mlangoni akipokea makoti na kuyapeleka chumbani juu. Akachukua langu, akabaki amenyoosha mikono mbele ya baba mdogo.

"Langu liache, mwanangu."

Mtoto akamjibu kwa Kiingereza kwamba ndani kuna joto. Mama mwenye nyumba akatokea jikoni. "Shemeji, vua bwana! Utadhani umekuja kusoma mita."

Hakuvua. Tukaingia sebuleni. Waziri alikuwa ameketi kwenye zulia, na ubavuni mwake, wakila sinia moja, alikuwa yule mgombea ambaye baba alikamatwa kwa ajili yake. Nilimjua kwa bango lililobandikwa kwenye mlango wa karakana ya baba.

"Mwizi wa kura, hebu sogeza pilipili," alisema mgombea.

"Kura aligawa Mungu," waziri akajibu. "Mimi nilizibeba tu."

"Ulizibeba gizani!"

"Ungeniona. Lakini wewe tangu bwenini, ukishashiba umelala."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na wali.

Baba mdogo akakaa mbele yao, vifungo vimefungwa hadi shingoni, akaniweka mimi penye mwanga. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likashuka shavuni, naye hakulifuta. Waziri akamtazama. Macho yake yalishuka kutoka usoni hadi kwenye vifungo, kisha yakanihamia mimi, yakakaa. Nikaona kabisa kwamba ameelewa. Mgombea naye alikuwa ameacha kutafuna.

"Jamani, Kanada hii mna baridi!" waziri akasema kwa sauti ya kusikiwa na nyumba nzima. "Mwoneni ndugu yetu, imemwingia mpaka kwenye mifupa."

Watu wakacheka. Baba mdogo naye akacheka. Mgombea akarudi kwenye nyama yake. Baadaye ukaanzishwa wimbo wa bweni, baba mdogo akasimama na koti lake akaimba beti zote, hata zile ambazo wengine walikuwa wamezisahau.

Tulipokuwa garini tukishuka na barabara ya 404, alisema, "Hakuelewa. Kosa ni langu. Hapa kila mtu ana koti. Ningengoja kiangazi."

Sikuwa na mazoea ya kumhoji mkubwa, lakini nilimuuliza kwa nini hakusema tu kwa mdomo.

"Ukiomba kwa mdomo umejitoa katika undugu."

"Si ungejitoa tu, baba mdogo?"

Akapitiliza njia yetu ya kutokea, ikabidi tuzunguke. "Nikijitoa," akasema, "mimi hapa ni nani? Mlinzi."

Mama alipopiga simu kuuliza kama waheshimiwa wamemuulizia mumewe, baba mdogo alinipa mimi simu. Nilimwambia mama kwamba hawakuuliza. Akasema, "Haya," akakata.

Baba alifia mle mahabusu kabla theluji ya huku haijaisha. Tulielezwa kwamba ni malaria. Siku ya maziko, baba mdogo alipokea ujumbe wa rambirambi kutoka kwa undugu, wenye majina ya waziri na mgombea chini yake, moja likifuata jingine. Alinionyesha, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, macho mekundu kwa kulia tangu alfajiri.

"Soma hapa," akaniambia. "Wameandika 'ndugu yetu'. Umeona? Hawajanisahau."

Nasoma polepole, na alinisubiri mpaka nikamaliza. Alikuwa akinitazama usoni. Nikamwambia kwamba nimeona.